Kanzu Iliyonyoosha Mikono

Mimi sipandi ndege. Watoto wamenibembeleza, wajukuu wamenicheka mpaka wamechoka, wakaniacha. Wanadhani naogopa kuanguka. Kuanguka kunatisha, sikatai, lakini hofu yangu ni nyingine. Naogopa kuwa hapa chini, ndege iko juu, na mtu aliyemo ndani anatazama nilichoanika.

Nilikuwa mke mchanga, sijamaliza mwaka kwa mume wangu, hapa Kasongo, enzi za Wabeleji. Mume wangu alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege. Usifikirie kiwanja cha siku hizi. Kilikuwa kipande kirefu cha majani yaliyofyekwa, kibanda cha bati, mapipa ya esansi, yaani petroli, chini ya turubai, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakotoka. Kila Alhamisi ndege ndogo ya Mzungu mmoja ilitoka kusini, ikashuka kwetu kujaza esansi, kisha ikaendelea na safari zake. Mume wangu ndiye aliyesukuma pampu ya mkono. Alirudi nyumbani akinuka esansi, na mimi, sina haya kusema, niliipenda harufu ile.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na ya kazini hakuyaleta nyumbani kabisa. Tulipooana aliniambia neno moja tu kuhusu kazi yake: "Kule kiwanjani hapana kupita." Sikuuliza sababu. Niliona ni majivuno ya mtu aliyepewa kofia na Wazungu. Angenieleza siku ile, haya yote yasingetokea, na kwa hilo nimemlaumu miaka mingi, hata baada ya kupoteza haki ya kumlaumu kwa lolote.

Sasa, wanawake wa mtaa wetu walikuwa na jambo lao. Kanzu ya Idi haikuanikwa kwenye kamba. Mama mkwe wangu, ambaye angeweza kukosoa hata mvua inavyonyesha, alinifundisha hilo wiki ya kwanza. "Kamba inaacha mustari mu mugongo," alisema. "Mutu atasimama mbele ya Mungu na mustari?" Kanzu ilifuliwa kwa sabuni, ikasuuzwa kwa maji yenye buluu kidogo, kisha ikalazwa juu ya majani mafupi, uso juani, mikono imenyooshwa kabisa kulia na kushoto, kwa sababu jasho la kwapani ndilo linaloacha umanjano, na jua lazima lifike pale. Ikikauka unainyunyizia maji, inakauka tena, mpaka inakuwa nyeupe ya kuumiza macho.

Na majani mafupi Kasongo yalikuwa wapi? Kwingine kote ni matete yanayomzidi mtu urefu, au uwanja wa mbuzi na kuku. Kiwanja cha ndege kilifyekwa na wafungwa kila wiki, mbuzi hakanyagi, ni safi kama mkeka wa msikitini. Mlinzi wa kabla ya mume wangu alifumba macho kila ilipokaribia Idi, maana kanzu yake nayo ilikuwemo. Mume wangu hakuwa wa kufumba macho. Kwa hiyo wanawake walisubiri siku atakayokuwa hayupo, na aliyewaambia siku hiyo ni mimi.

Ilikuwa Jumatano, Idi ikitarajiwa Ijumaa. Mume wangu aliondoka asubuhi na lori kwenda bandari ya mtoni kuchukua mapipa mengine ya esansi. Ndege ni kesho, tukasema, leo kiwanja ni chetu. Tulibeba vikapu vichwani tukienda tunacheka. Tukazilaza kanzu kumi na nne, mstari mmoja, katikati kabisa ambako majani yalikuwa laini. Ya mume wangu ilikuwa mpya, nimeishona mwenyewe. Uzi mweupe uliniishia nikifika kwenye kola, nikamalizia kwa uzi mwekundu upande wa ndani, nikiomba mama mkwe asigeuze kola ile kutazama.

Jua lilikuwa kali kwetu, lakini kusini kulikuwa na wingu jeusi la mvua tangu alfajiri. Kutoka kwenye wingu hilo tukasikia mngurumo.

Tulijua ni nini kabla hatujaona. Mmoja alisema, "Leo si Alhamisi!" kama vile ndege ingemsikia na kurudi. Tukakimbilia kwenye matete. Hakuna aliyekumbuka kanzu. Tulifikiria fimbo tu, maana enzi hizo kukutwa pasipo ruhusa kwenye kitu cha serikali kulitosha. Tulilala chini, nyuso kwenye udongo, na mimi nikainua kichwa kidogo nione.

Ilishuka kama inayotaka kutua, ikakaribia, kisha ikainuka ghafla. Ikazunguka. Ikaja tena, ikainuka tena. Mara ya tatu ilipita chini sana mpaka matete yakalala, na kanzu zikapeperuka pembe zake. Nilimwona yule mtu. Alikuwa ametoa kichwa pembeni, miwani mikubwa machoni, anatazama chini kwenye kanzu zetu, halafu akatazama mapipa, halafu akatazama tena kanzu. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Kisha ndege ikageuka mashariki, kuelekea Kabambare, na ilipokuwa mbali niliisikia ikikohoa mara moja, ikanyamaza kidogo, ikaendelea.

Tulitoka tukakusanya nguo mbiombio. Zilikuwa kumi na tatu. Iliyokosekana ilikuwa ya mume wangu.

Mume wangu alirudi alasiri na mapipa yake. Hakunawa hata mikono.

"Nimesikia ndege kule mutoni," alisema. "Ilitua?"

"Hapana. Ilizunguka, ikaenda zake."

"Ilizunguka mara ngapi?"

"Tatu."

Akasimama katikati ya ua. "Kwa nini haikutua? Kiwanja iko kikavu. Esansi iko. Mimi sikuweka alama."

"Alama gani?"

Alikuwa na wasiwasi, ndiyo maana kwa mara ya kwanza akanieleza jambo la kazi. Aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa vitambaa viwili virefu vyeupe vilivyokunjwa vizuri. Nilikuwa nimeviona siku nyingi. Nilidhani ni sanda aliyojiwekea akiba, nikamheshimu kwa hilo. "Kiwanja kikijaa maji, ninalaza hizi katikati," akasema, akachora kwa kidole cha mguu mavumbini: mstari mmoja mrefu, na mwingine mfupi ukiukata karibu na juu. "Hii inasema, usitue, utakufa. Piloti akiiona anaenda kutafuta pahali pengine."

Nilitazama mchoro ule. Ilikuwa kanzu. Mwili wake na mikono yake miwili.

"Na kama esansi yake iko kidogo?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa nyumba ya jirani.

"Iko kidogo," alisema. "Anakuja hapa sababu inaisha."

Nikajifanya nainama kuokota ufagio. Sisi Waislamu wa Kasongo tulikuwa tumemtandikia Mzungu misalaba kumi na minne, na kila mmoja ulimwambia afe kwingine. Na mume wangu ndiye mwenye kiwanja. Atakayeulizwa ni yeye, na fimbo ni yake, na gereza ni lake, na ile kanzu iko mahali fulani kwenye matete ikingoja kuokotwa. Ningemwambia wakati ule ule. Mdomo ulikataa. Niliogopa macho yake, nawaambia kweli, niliogopa macho yake kuliko nilivyoiogopa serikali.

Alhamisi ndege haikuja. Polisi walikuja, wakauliza, wakaenda. Habari ikafika kwamba ndege haikuonekana popote, hata kwenye kiwanja kidogo cha mgodi upande wa Salamabila ambako huenda ilikuwa inaelekea. Mimi nilichukua kikapu nikasema naenda kuokota kuni. Nilipita pembezoni mwa kiwanja chote, nikifungua matete kwa mikono mpaka viganja vikakatwakatwa. Kila kitu cheupe kilinishtua: karatasi, ganda la konokono, yangeyange. Kanzu sikuiona.

Ijumaa mwezi ulikuwa umeonekana. Mume wangu alioga, akauliza, "Kanzu yangu iko wapi?"

"Haijakauka."

Alinitazama. Jua la siku mbili lilikuwa limekausha hata kisima. Akavaa ile ya zamani yenye kiraka, akaenda kuswali. Mama mkwe alinisema mchana kutwa kwa kumtoa mwanawe na kiraka siku ya Idi. Nilikula wali wa sikukuu kama ninayekula mchanga. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa naujua msemo huo tangu utotoni, na bado nilificha.

Jumamosi lori likaja kutoka Kabambare likiwa na Mzungu amelazwa nyuma juu ya majani. Wanaume wa kijiji kimoja karibu na Lusangi walikuwa wamembeba kwa kipoyi, yaani kitanda cha miti cha mabegani, kutwa nzima mpaka barabarani. Mmoja wao alisimulia sokoni, na watu walijazana kumsikiliza. Ndege ilikuja bila sauti, alisema, hicho ndicho kilichowatia hofu, kitu kikubwa namna ile kinapita juu ya mihogo kimya. Ikalala kwa tumbo, bawa likabaki kwenye mti, mbele ikamfinya mtu miguu. "Tulikimbia, tukingoja iwake moto," alisema. "Haikuwaka. Haikuwa na kitu cha kuwaka."

Hospitali walimkata mguu mmoja chini ya goti. Alipopata fahamu vizuri aliwaambia wenzake kwamba Kasongo walimwekea msalaba. Wakamuuliza una hakika. Akasema si mmoja, ni misalaba mingi, safu nzima. Hilo lilisaidia kidogo, kwa maana hakuna mkubwa aliyeamini safu nzima, wakasema ni homa. Lakini msalaba mmoja waliuamini.

Jumatatu mkubwa wa teritwari, Mzungu mtawala wa wilaya yetu, alikuja nyumbani kwetu na polisi wawili. Nilikuwa natwanga. Mume wangu alitoka akasimama wima, kofia mkononi. Mkubwa yule hakupiga kelele, na heri angepiga. Alinyoosha mkono, polisi akampa kitu kilichoviringishwa, akakikunjua mbele yetu.

Miiba ilikuwa imeipasua ubavuni, na mvua ya siku moja ilikuwa imeitia matope. Kola ilikuwa imegeuka nje. Uzi mwekundu ulionekana hata kutoka kwenye kinu nilipokuwa.

"Hii ilikuwa mu miiba, mwisho ya kiwanja," alisema mkubwa. "Ni ya nani?"

Mume wangu aliitazama. Aliutazama ule uzi. Hakuwahi kuiona kanzu ile kwa karibu, lakini uzi mwekundu ule aliununua yeye mwenyewe, na alikuwa ameniona nao mkononi jioni nyingi. Hakugeuka kunitazama. Nilisubiri ageuke. Mchi ulikuwa juu na sikuweza kuushusha.

"Ni yangu," alisema.

"Nani aliiweka kiwanjani?"

"Ni mimi. Niliifula, nikailaza ikauke, nikaenda mutoni. Nikaisahau."

Mkubwa akacheka. Polisi nao wakacheka, wale ni watu wetu, wakacheka zaidi yake. "Wewe? Unafula nguo wewe mwenyewe? Na bibi yako iko kwa nini?"

"Nguo yangu ya kusali ninaifula mimi mwenyewe."

"Siku zote?"

"Siku zote, Bwana."

Mkubwa akanitazama mimi. Watu wanaposimulia mambo yao, hapa ndipo wanaposema walijitokeza. Mimi sikujitokeza. Nilitaka tu waondoke. Nikashusha mchi, nikatwanga. Wakamchukua.

Alipewa miezi sita, na fimbo juu yake. Mama mkwe hakulia mbele yangu. Alikuja akasimama mlangoni kwangu. "Mwanangu anajifulia nguo," alisema, "na ameoa. Wewe mikono yako ulimuwekea nani?" Mtaa mzima ulijua ukweli, wanawake kumi na tatu, na mtaa mzima ukanyamaza, kila mmoja akimwogopea mume wake. Walinichekea mbele ya mama mkwe kama wavivu wanavyochekwa, kisha wakaniletea unga kwa siri. Sikuwachukia. Ningefanya vivyo hivyo.

Wafungwa walifyeka kiwanja cha ndege kila wiki, kama zamani. Siku moja nikapita njia ya mbali nikamwona. Alikuwa na fulana ya mistari, anainama na kuinuka na panga kwenye majani yale yale, na mlinzi mpya mwenye kofia yake amekaa kwenye kivuli cha kibanda. Alinyoosha mgongo, taratibu mno, kama mzee.

Alipotoka, ilikuwa asubuhi. Nilimchemshia maji. Alivua shati nikaona mgongo wake, nikampaka mafuta ya mawese. Nilingoja aseme. Niliandaa majibu ya kila neno baya ninalolijua.

"Kola uliishona vizuri," alisema. "Ule uzi mwekundu haukukatika."

Basi. Hakusema lingine, wala siku ile wala kwa miaka mingi baadaye, na mimi nililia mpaka mafuta yakamwagika.

Idi iliyofuata nilichukua kanzu yake ya kiraka niifue. Akaninyang'anya. Akachukua sabuni, akachukua beseni, akaenda kijitoni mchana kweupe, katikati ya wanawake, akachutama akafua. Polisi mmoja alisimama juu ya ukingo kutazama. Nikaelewa. Alikuwa amesema siku zote, basi lazima iwe siku zote. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu. Kila Idi, na baadaye kila Ijumaa, mwanamume yule alichutama kati ya wanawake akisugua kwapa za kanzu. Walimtungia nyimbo. Watoto wetu walizaliwa wakamkuta anafua, wakadhani baba wote wanafua.

Kisha Wabeleji wakaondoka. Bendera ikashushwa, mkubwa yule alikuwa ameshasahaulika, na faili lenye kanzu yangu sijui lilienda wapi. Idi ya kwanza baada ya hapo nilimfuata kijitoni. Wanawake wengine walikuwa wameshaondoka. Nikainama nikashika upindo wa kanzu kwenye beseni lake.

"Baba watoto," nikamwambia, "wameenda. Hakuna wa kuuliza tena. Leta, nifule mimi."

Hakuiachia. "Sifuli sababu ya kuwaogopa Wazungu," alisema. "Tazama mikono yako."

Nikatazama. Upindo wa kanzu ulikuwa unatetemeka ndani ya maji, na hapakuwa na upepo. Sikuwa nimejua. Miaka yote ile nilikuwa nikigusa kitambaa cheupe natetemeka, na nilikuwa sijui, na yeye alikuwa anajua.

Akanitoa kitambaa vidoleni, taratibu, akakikamua. Akaikunja kanzu mikono kifuani, akaibeba kwenda kuianika ndani ya nyumba.